Kalamu ya Vekta kwa Kompyuta ya Wachache

Leo, msikilizaji, tuzungumze juu ya kuchora kwa kompyuta, na hasa uchoraji ule unaozaa nembo, stika, mabango na ikoni. Ukiwa mtu wa Windows, jibu lako unalo tayari. Pita kwenye maduka ya uchapaji ya Kariakoo au River Road, utakuta CorelDRAW imefunguliwa tangu asubuhi. Ukiwa mtu wa Mac, wenzako watakutajia Illustrator na mjadala utaishia hapo. Leo ninawasemea wengine, wale waliojichagulia mfumo endeshi ambao muuza kompyuta hana habari nao. Mifumo ya namna hiyo ni kadhaa. Nimeuchukua mmoja, unaitwa Haiku, kwa kuwa ndani yake shida na raha ya kuchagua programu ya kuchora zinaonekana waziwazi.

Haiku ina ukoo wake. Mwaka 1990 Mfaransa Jean-Louis Gassée aliondoka Apple akaanzisha kampuni yake aliyoiita Be. Kampuni hiyo ikatoa mfumo ulioitwa BeOS, na sifa yake ilikuwa wepesi. Kila dirisha lilipewa mkondo wake wa kazi, hivyo moja likikwama mengine yaliendelea bila habari. Waliokuwa wakiuonyesha kwa watu walipenda kufungua video kadhaa kwa mpigo, zote zikicheza, kwenye mashine za miaka ya tisini. Mwaka 1996 Apple walikuwa wakitafuta mfumo mpya, wakakaa mezani na Gassée. Bei ikawashinda. Desemba ya mwaka huo Apple wakatangaza kuinunua NeXT ya Steve Jobs kwa zaidi ya dola milioni 400. Be ikazidi kudhoofika, na mwaka 2001 mali zake zikanunuliwa na Palm kwa dola milioni 11.

Kwa kawaida hapo ndipo hadithi ya mfumo huisha. Hii haikuisha. Mwaka huohuo wa 2001 wapenzi wa BeOS walianza kuuandika upya kutoka chini, kwa kujitolea, kwa sababu msimbo wa asili, isipokuwa vipande vichache ambavyo Be ilikuwa imeviachia, ulibaki mali ya watu wengine. Toleo la kwanza la kujaribiwa na umma lilitoka mwaka 2009. Toleo la kwanza la beta likaja Septemba 2018, na la tano Septemba 2024. Mwendo ni wa pole, tena wa pole sana. Lakini hesabu nguvu kazi yao: ni mwaka 2021 tu ambapo asasi inayosimamia mradi huo ilianza kumlipa mtu mmoja afanye kazi hiyo kwa muda wote na kwa kudumu. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya usiku na ya mwisho wa juma.

Utaniuliza, nani ana shida na mfumo huo? Wapo. Yupo mwenye kompyuta mpakato ya zamani ambayo Windows mpya imeikataa. Haiku ingali inatoa toleo la mashine za biti 32, na inawaka haraka hata kutoka kwenye flashi. Yupo mwanafunzi anayetaka kuona mfumo endeshi ukoje ndani bila kuzama kwenye bahari ya msimbo. Na yupo mtu aliyechoka tu, anayetaka kompyuta iliyotulia, isiyomletea matangazo wala kumwamuru aiwashe upya katikati ya kazi. Huyu wa tatu ndiye ninayemwelewa zaidi. Sasa mtu huyo kaambiwa na jirani, nitengenezee nembo ya duka langu. Achukue kalamu gani?

Kabla ya kumjibu, neno moja juu ya vekta, maana wengine mnaosikiliza ni wageni wa jambo hili. Bila shaka umewahi kuona bango barabarani, nembo ya biashara imekuzwa hadi imechakaa, kingo zake zimegeuka ngazi. Aghalabu mwenye duka alituma nembo kwa WhatsApp, mchapaji akaivuta ienee mita tatu. Picha ile imeundwa kwa pikseli, vinukta vya rangi vyenye idadi maalumu, na ukiivuta unavinenepesha vinukta vilevile. Mchoro wa vekta hauhifadhi vinukta. Unahifadhi maelezo ya umbo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza bluu. Ni kama fundi cherehani anayetunza vipimo na kiolezo badala ya kutunza kanzu iliyokwisha kushonwa. Kwa kiolezo kimoja atamshonea mtoto na baba yake.

Ile mipinda ina historia nzuri, nayo imetoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Pierre Bézier wa Renault alihitaji njia ya kuielezea mashine umbo la bodi ya gari kwa hesabu, na jina lake ndilo lililobaki kwenye mpinda ule. Kumbe Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa amekwisha kuifikia hesabu hiyohiyo mwaka 1959, ila waajiri wake waliifanya siri. Nukta ya mwanzo, nukta ya mwisho, na nukta mbili za pembeni zinazouvuta mstari upinde. Hizo nne ndizo anazozisogeza kwa kipanya kila mchoraji wa nembo, awe Tokyo au Tandika.

Turudi Haiku. Kinachonivutia kwenye mfumo huu ni kwamba vekta imo ndani ya mifupa yake. Sehemu ya mfumo inayochora madirisha na herufi kwenye skrini imejengwa juu ya maktaba iitwayo Anti-Grain Geometry, kazi ya Maxim Shemanarev, aliyefariki mwaka 2013. Maktaba hiyo ndiyo inayolainisha kingo za mistari na herufi. Halafu kuna ikoni. Katika mifumo mingi ikoni ni rundo la picha za pikseli: ndogo, ya wastani, kubwa, kubwa zaidi, zote zimefungwa pamoja. Haiku walisema hapana. Mpangaji programu wa Kijerumani, Stephan Aßmus, alibuni aina ya faili ya vekta kwa ajili ya ikoni peke yake, inayoitwa HVIF. Ikoni nzima, pamoja na rangi na vivuli vyake, aghalabu haizidi baiti mia chache. Narudia, msikilizaji: baiti, sikusema kilobaiti. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160. Ikoni ya Haiku huenea kwenye jumbe chache za namna hiyo.

Ubahili huo una sababu ya kiufundi, na mimi nauhesabu miongoni mwa mambo ya werevu kabisa katika mfumo huu. Kwenye diski ya Haiku kila faili lina kijisanduku cha taarifa zake: jina, ukubwa, tarehe na mengineyo. Ndani ya kijisanduku hicho hubaki nafasi kidogo. Ikoni ikiwa ndogo vya kutosha, inaenea mumo humo. Basi kompyuta inaposoma taarifa za faili, ikoni imekwisha kuja nayo, na diski hairudiwi mara ya pili. Ukifungua folda yenye mafaili mamia, tofauti unaiona kwa macho, hasa kwenye diski za zamani zile zinazozunguka.

Kutengeneza ikoni hizo kuna programu yake, nayo ni ya Aßmus vilevile: Icon-O-Matic. Inakuja na mfumo wenyewe, huna haja ya kuipakua. Ukiifungua unapewa uwanja wa nukta 64 kwa 64, upande mmoja orodha ya mistari, orodha ya maumbo, orodha ya rangi. Utaratibu wake mwanzoni unamchanganya aliyezoea CorelDRAW, kwa sababu mstari, umbo na rangi ni vitu vitatu mbalimbali, na wewe ndiye unayeviunganisha. Mstari mmoja unaweza kutumiwa na maumbo mawili, rangi moja na maumbo kumi. Ukibadilisha rangi hiyo mara moja, yote kumi yanabadilika. Mwanzo unakuudhi, baadaye unaona kwamba ndiyo njia ya kubana ile hesabu ya baiti. Na kuna kipengele ambacho sijakiona kimewekwa kwa urahisi namna hii kwingine: unaweza kuliambia umbo lionekane ikoni ikiwa kubwa tu, na lijifiche ikiwa ndogo. Mstari mwembamba unaopendeza kwenye ikoni kubwa huwa uchafu kwenye ikoni ndogo, na mchoraji ndiye anayeamua uondoke lini.

Je, Icon-O-Matic yatosha kwa nembo ya duka la jirani? Hapana. Haiandiki maneno. Haina ukurasa, haina kipimo cha sentimita, haijui karatasi ya A4 ni nini. Ina uwezo wa kutoa SVG na PNG, hivyo alama rahisi isiyo na maandishi utaitoa ikaenda kwingine. Lakini ilizaliwa kwa ikoni, na kwa ikoni sioni programu nyingine ya kuchukua nafasi yake kwenye Haiku. Anayetengeneza programu ya Haiku na akachora ikoni yake kwingine, kisha akaja kuiingiza kwa nguvu, anajitafutia kazi mara mbili. Tena jambo moja la kukumbuka: faili la HVIF lililokamilika hutupa majina uliyoyapa maumbo yako ili kuokoa nafasi. Hifadhi pia nakala ya kazi katika umbo lake la kuhariri, la sivyo mwakani utaifungua ukute maumbo yasiyo na majina, usijue lipi kichwa lipi mkia.

Ipo programu nyingine ya mkono uleule, WonderBrush. Hii ilianza kama bidhaa ya kuuzwa, baadaye msimbo wake ukaachiwa huru. Ni mchanganyiko wa rangi za brashi na vekta: kila mpigo wa brashi unabaki kitu kinachoweza kurudiwa na kurekebishwa hata baada ya mipigo mingine hamsini kupita juu yake. Kwa anayechora kwa kufurahia, ina ladha. Ila mwelekeo wake ni picha ya pikseli mwishoni, na bango linalohitaji kukatwa kwa plota ya stika haliwezi kutegemea hiyo. Nimeitaja kwa heshima yake, tuendelee.

Sasa tunafika kwa mgeni mkubwa. Inkscape.

Hapa tena kuna ukoo wa kueleza, kwa sababu unatufundisha namna programu huria zinavyosalimika. Mwishoni mwa miaka ya tisini Raph Levien aliandika programu ndogo iliyoitwa Gill. Lauris Kaplinski wa Estonia akaiendeleza ikawa Sodipodi. Mwaka 2003 wachangiaji wanne wa Sodipodi hawakuridhika na mwelekeo wake, wakachukua msimbo, kama leseni inavyowaruhusu, wakaanzisha Inkscape. Toleo lao la 1.0 lilitoka Mei 2020. Miaka 17 kufika namba moja! Nawaambia hivyo wale wanaowacheka Haiku kwa kukawia. Na mpaka leo ukihifadhi mchoro kwa Inkscape kisha ukaufungua kama maandishi, utaona humo neno sodipodi limeandikwa mara kadhaa, alama ya babu ndani ya damu ya mjukuu.

Inkscape haikuandikiwa Haiku. Imejengwa juu ya GTK, zana za ulimwengu wa Linux, zinazotarajia kukuta namna ya Linux ya kuchora kwenye skrini. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa ukuta. Wenyewe Haiku wakaandika safu za kutafsiri: programu inasema kwa lugha ya Linux, safu inapokea, inaufikishia mfumo kwa lugha yake. Beta ya nne, ya Desemba 2022, ndiyo iliyofungua mlango huo rasmi, na programu za GTK zikaanza kuingia kwenye HaikuDepot, lile ghala la programu la mfumo huu. Inkscape nayo imo. Unabofya, inashuka, inafunguka.

Inafunguka, lakini ni mgeni ndani ya nyumba. Vitufe vyake havifanani na vya jirani zake. Dirisha la kuchagua faili ni la kwao, halina umbo la Haiku. Zile taarifa za ziada ambazo Haiku hupenda kuzibandika kwenye mafaili, yenyewe haizijali. Na uzito wake unausikia. Mtu aliyehamia Haiku kwa sababu ya wepesi, akafungua Inkscape kwenye mashine yenye kumbukumbu haba, atajiuliza amehama nini. Wapo wafuasi wakali wa mfumo huu wanaosema programu zilizohamishwa zinaua ari ya kuandika programu za wenyeji: kama Inkscape ipo, nani atajisumbua kuandika ya Haiku? Hoja yao naisikia, ina uzito wake. Lakini jirani anasubiri nembo, na mwenye kuleta nembo kesho hawezi kungoja programu ya wenyeji itakayoandikwa siku isiyojulikana. Mfumo usio na kazi za kila siku zinazowezekana ndani yake hubaki kitu cha kuonyeshana Jumapili.

Niiseme pia LibreOffice, iliyohamishiwa Haiku mwaka 2018. Ndani yake kuna Draw, chombo cha vekta ambacho wengi hukipita bila kukiangalia. Kwa nembo nzuri nisingeichagua, mipinda yake haishikiki vizuri. Ila ina faida moja kubwa kwa wenzetu huku: inafungua faili za CDR. Umbo la faili za Corel halikuwekwa wazi na wenyewe. Watu wa programu huria wakalichunguza hadi wakaweza kulisoma, na tangu mwaka 2012 LibreOffice inalisoma. Kwa hiyo mteja akikuletea nembo yake ya zamani aliyochorewa steshenari, ikiwa CDR, hauko gizani. Kulisoma tu, lakini. Kuliandika haiwezi. Njia ni ya kwenda upande mmoja.

Na hapo, msikilizaji, ndipo penye shabaha yangu ya leo. Kwenye mfumo wenye watumiaji wachache swali la kwanza lisiwe programu gani ina vitufe vingi. Liwe: mchoro wangu utatoka humu ukiwa umbo gani, na nani mwingine anaweza kuusoma?

Sisemi hivyo kwa kubuni. Kuna watu wameyapitia. Uingereza, mjini Cambridge, palikuwa na kampuni ya kompyuta iliyoitwa Acorn. Ndio waliotengeneza kichakataji cha ARM, kilichofanya kazi kwa mara ya kwanza Aprili 1985. Simu unayonisikilizia sasa hivi karibu hakika ina kichakataji cha ukoo huo. Acorn walitoa kompyuta ya Archimedes mwaka 1987 na baadaye mfumo wao, RISC OS. Mfumo huo ulikuja na programu ya vekta, Draw, ikiwa imo tayari; mwanafunzi wa shule ya Uingereza alikuwa na kalamu ya vekta mezani wakati ambapo sehemu nyingine ilibidi ununue Illustrator. Kisha mwaka 1992 kampuni iitwayo Computer Concepts ikatoa ArtWorks. Msimbo wake ulikuwa wa asembli, karibu kabisa na lugha ya mashine, na kasi yake ilikuwa ya kushangaza: kingo laini, rangi zinazofifia polepole kutoka moja kwenda nyingine, vyote vikichorwa mbele ya macho yako. Kwa kipindi fulani mfumo wa wachache ulikuwa na kalamu kali kuliko mifumo ya wengi.

Halafu? Wenye ArtWorks walitazama hesabu za soko wakaona Windows ndiko kwenye watu. Katikati ya miaka ya tisini waliiandika upya kwa ajili ya Windows, ikaitwa Xara, na kwa muda Corel wenyewe wakaiuza kwa jina la CorelXARA. Mwaka 1998 Acorn wakaacha kutengeneza kompyuta za mezani. Waliobaki kwenye RISC OS wakawa na mafaili ya ArtWorks ambayo nje ya mfumo wao yalikuwa na wasomaji wachache mno. Bahati yao, mtaalamu mmoja wa Ujerumani aliichukua programu hiyo akaendelea kuihudumia kwa ajili yao. Angalia ulivyo mwembamba uzi huo: michoro ya miaka ya jamii nzima, na mtu mmoja. RISC OS yenyewe ingali hai, ilipewa leseni huria Oktoba 2018 na inatembea kwenye Raspberry Pi. Lakini sitaki msikilizaji wangu aweke kazi zake juu ya uzi mmoja.

Mkasa wa Xara una mwisho mwingine unaouma zaidi. Wenye programu waliamua kuifungua kwa ajili ya Linux, na mwaka 2006 msimbo ukatoka chini ya leseni huria, watu wakashangilia. Ila injini ya kuchorea, kile kipande kinachogeuza hesabu kuwa picha, walikiacha kimefungwa. Watu wa Inkscape na wengineo waliotamani kushirikiana wakasitasita. Nani atajenga juu ya msingi asioruhusiwa kuuona? Kazi ikapoa, ikasimama. Inkscape, ambayo wakati huo ilikuwa dhaifu kwa kasi na kwa sura, ndiyo iliyobaki.

Na msidhani kampuni kubwa ni ngao. Corel waliwahi kutoa CorelDRAW kwa OS/2 ya IBM mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mwaka 2000 wakatoa CorelDRAW 9 kwa Linux. Zote mbili ziliachwa. Aliyenunua kisanduku kile akajenga biashara yake juu yake alibaki na kisanduku.

Basi chagua faili kwanza, kalamu baadaye. Kwa vekta, faili hilo ni SVG. Si la kampuni yoyote. Ni kiwango kilichopitishwa na W3C, chombo cha viwango vya wavuti, mwaka 2001. Kila kivinjari cha leo kinalisoma. Tena ndani yake ni maandishi matupu: ukilifungua kwa StyledEdit, kihariri cha maandishi cha Haiku, utaona mistari inayosema hapa pana duara, hapa pana mpinda, rangi yake ni hii. Programu zote zikifa kesho, mtu mwenye subira anaweza kulisoma kwa macho. Inkscape hufanya kazi kwa SVG moja kwa moja, na Icon-O-Matic hutoa SVG. Mambo yote mawili unayohitaji kwenye Haiku yanakutana hapo. Unapohifadhi nakala ya kudumu kwa Inkscape chagua ile SVG ya kawaida isiyo na nyongeza zake, uweke pembeni ya ile ya kazi.

Ukimaliza nembo, hatari inayofuata ni safari ya kwenda kwa mchapaji. Yeye yuko kwenye Corel, wewe uko kwenye Haiku. Usimpelekee SVG ukamwacha ahangaike, mpelekee PDF. Kabla ya kuitoa, chagua maandishi yote uyageuze kuwa maumbo, maana fonti uliyotumia hana, na kompyuta yake itaweka nyingine bila kukuuliza; jina la duka litatoka na sura ya mwaliko wa harusi. Weka nakala yenye maandishi yanayoharirika kabla ya kuyageuza, kwa sababu mwenye duka atabadilisha namba ya simu, atabadilisha tu. Kuhusu rangi, Inkscape kwa miaka mingi imefanya kazi kwa rangi za skrini, nyekundu, kijani na bluu, wakati mashine kubwa ya uchapaji inapika kwa wino wa aina nne. Kwa stika na fulana mchapaji atarekebisha mwenyewe, usijali. Kwa kitabu au kwa kampuni yenye rangi yake rasmi, pitisha mchoro kwenye Scribus, iliyoandikwa kwa kuzijali rangi za wino, nayo kwenye HaikuDepot ipo.

Mtu anaweza kuniambia, kwa nini asichore ndani ya kivinjari, programu za mtandaoni si zipo? Zipo. Lakini bando linahesabiwa, umeme unakatika, na siku mwenye tovuti akiamua kuweka malipo au kuzima, michoro iko kwake. Kwa mtu aliyehama mifumo mikubwa ili asitawaliwe, huko ni kurudi kwa mlango wa nyuma.

Hukumu yangu ni hii. Kama unatumia Haiku na unaandika programu zake, jifunze Icon-O-Matic mpaka mkono uzoee. Ikoni zako zitakuwa ndogo na safi, nayo tayari imo kwenye mfumo, haikugharimu hata bando. Kama unafanya kazi za watu, weka Inkscape na uvumilie ugeni wake, ukiwa na kumbukumbu ya kutosha kwenye mashine. LibreOffice iwepo kwa ajili ya CDR za wateja. Wengine wote, anzeni kwa kupakua Haiku kwenye flashi, muiwashe kutoka humo bila kugusa diski, mwone kama kadi ya mtandao na skrini zinatambulika kabla ya kuahidi kazi ya mtu yeyote.